Wimbo Uliohitaji Redio Mbili

Mgeni alipokuja mara ya kwanza nilikuwa uani nageuza michembe, viazi vitamu vya kukausha, juani, nikadhani ni bwana afya. Alivaa miwani, amebeba mkoba wa ngozi, akasimama mbali kama mtu anayeogopa mbwa, na sisi mbwa hatuna. Akaniamkia kwa Kisukuma cha kujifunza: "Mwangaluka, mayu." Hiyo ni salamu ya asubuhi kwa mama, na jua lilikuwa limeshapinda. Nikamwitikia hivyo hivyo. Mtu akijitahidi usimvunje moyo.

Akafungua mkoba akatoa kaseti, nikaitambua kabla hajasema. Karatasi yake ilikuwa na picha ya robota la pamba, mume wangu alilichora mwenyewe kwa kalamu ya bluu, na tangu alichore watu wote hudhani ni godoro.

"Natafuta ya pili," akasema mgeni. "Ya kwanza ninayo. Nimeambiwa ya pili iko kwenu, au basi haiko duniani."

Nikakaa chini pale pale kwenye jamvi la michembe. Nilikuwa nimeanza kuamini kwamba habari ya kanda zile imekwisha, kwamba nitazeeka bila kuulizwa tena. Nikamwambia asubiri, mwenye wimbo yuko mnadani, akirudi atamweleza.

Na alimweleza, tena vizuri, maana mume wangu anajua kuongea. Ndiyo sababu na mimi naandika yangu. Si kwamba yeye anasema uongo. Hasemi uongo. Ila akisimulia yeye, mimi nimo kama mtu aliyebonyeza kitufe tu, tena aliyechelewa kukibonyeza, na wali haumo kabisa. Mimi niliishia darasa la saba. Jioni huandika mambo ya nyumbani, mvua imenyesha, fulani kajifungua, kuku kaibiwa, na hata hayo nikiyasoma baadaye nasema sivyo yalivyokuwa. Huenda na haya nikayapanga vibaya. Nitajitahidi kila mtu apate haki yake, yeye pia.

Mume wangu alikuwa fundi wa mashine kwenye jineri ya ushirika hapa Bariadi, pale pamba inapotenganishwa na mbegu zake. Ushirika ulikuwa na bendi. Siku hizi ukimweleza kijana hivyo anacheka, lakini zamani ilikuwa kawaida, kiwanda kuwa na lori, na zahanati, na timu ya mpira, na bendi. Vyombo vilikuwa mali ya ushirika: magitaa matatu ya umeme, ngoma za kizungu, na spika mbili kubwa kama makabati. Wapigaji walikuwa wanne, wote wafanyakazi wa pale. Mume wangu alipiga gitaa la solo. Wa besi alikuwa karani wa mizani, mtu wa kwaya, mpole, ambaye siku zote alitaka mambo yaishe mapema awahi ibada. Mpiga ngoma alikuwa mpakiaji wa marobota. Wa gitaa la tatu alikuwa mlinzi wa getini, na sina la kusema juu yake kwa sababu hata yeye hakuwa na la kusema juu yake.

Sasa lazima nieleze mambo ya ngoma, bila hivyo mtu wa mbali hataelewa kwa nini wimbo ulikuwa mrefu kiasi kile. Kwetu pamba ikishauzwa watu hushindana kwa ngoma. Pande mbili zinakutana uwanja mmoja, kila upande na ngoma zake na dawa zake, na zinaanza kwa pamoja. Hakuna mwamuzi. Watazamaji wanatembea tu, wanatoka huku wanahamia kule, wanarudi, mpaka uwanja mzima umeinamia upande mmoja kama gunia lililofungwa vibaya. Mwiko mkubwa ni kunyamaza. Ukinyamaza hata kwa kukohoa, watu wamekuhama. Unaruhusiwa kusimama pale tu wapinzani wako wenyewe wanapovuka kuja kukutazama. Hapo umeshinda, unashusha mikono, unaomba maji ya kunywa.

Msimu mmoja bendi ya jineri ikaalikwa kwenye mashindano hayo, nadhani kama kichekesho, ikapangiwa kushindana na wale wanaocheza na majembe mikononi, kutoka Sapiwi. Nyimbo za bendi zilikuwa fupi, za kama redioni. Wakapiga wa kwanza, wakaumaliza vizuri, wakanyamaza ili wakaze nyuzi waanze wa pili. Walipoinua macho, upande wao nilikuwa nimebaki mimi na mbuzi wa mtu.

Mume wangu alirudi nyumbani hakula. Akaapa kwamba hatamaliza wimbo tena maishani mwake, na katika viapo vyote alivyowahi kuapa, pamoja na cha ndoa, hicho ndicho alichokishika kwa ukamilifu.

Akatunga wimbo mmoja. Nikisema mmoja nina maana mmoja. Ulianza polepole kama watu wanaokamua ng'ombe alfajiri, kisha ukaingia jineri. Kulikuwa na mashine ya zamani, namba tatu, iliyovunjika jino, ikawa inachechemea: inapiga sawa mara sita, ya saba inaruka. Kuitengeneza ndiyo kazi aliyoajiriwa. Yeye akawa anakaa mbele yake anaisikiliza. Ule mruko wa saba akauweka kwenye wimbo, na mpiga ngoma akahangaika msimu mzima kwa sababu mguu wake haukujua pa kukanyaga. Baada ya jineri ng'ombe wanashuka mtoni, na hapo inalia kengele ya ng'ombe ya kweli, aliyoichukua kwa kaka yake bila kuomba. Halafu inakuja mvua ya mawe. Halafu magitaa mawili yanagombana kama mimi na mawifi zangu, hakuna anayekubali neno la mwisho liwe la mwenzake. Maneno yenyewe yalikuwa machache, na mengi ni ya kuitia ng'ombe. Ukipigwa wote ulizidi misa ya Jumapili, na padri wetu hakuwa mtu wa kufupisha.

Lakini niseme kweli. Msimu uliofuata, jua likikaribia kuzama, wale wa majembe walivuka. Waliweka majembe yao begani wakaja upande wetu, watu wazima na jasho lao, wakasimama wanatazama vidole vya mume wangu. Nilijivuna siku ile. Sikumwambia.

Kisha soko likafunguliwa. Tulisikia redioni neno soko huria, mama mkwe wangu akauliza ni siku gani ya wiki. Wakaja wanunuzi binafsi na malori yao na mizani yao, wanalipa papo hapo, wakati ushirika ulikuwa unatoa stakabadhi na maneno mazuri. Mkulima utamlaumu? Baba yangu mwenyewe kule Sapiwi aliwauzia wao, na mkwewe yuko ushirika. Jineri ikapata pamba kidogo, mwaka wa pili kidogo zaidi, mashine zikanyamaza moja moja. Mume wangu husema ile inayochechemea ndiyo iliyonyamaza mwisho. Mimi sina hakika.

Wafanyakazi wakaambiwa wakae nyumbani wangoje. Wakangoja. Siku moja karani wa mizani, yule wa besi, akaja kwetu na uso wa msibani. Mali za ushirika zinauzwa kulipa wadai, akasema, na vyombo vya bendi vimo. Lori litakuja kuvibeba barabara ikikauka. Mvua za mwisho zilikuwa zinakatika.

Nilidhani mume wangu atawaza kazi. Tulikuwa na watoto, tena wanaokula. Yeye alikaa kwenye kigoda akauliza:

"Kwa hiyo wimbo utakaa wapi?"

"Kichwani mwako," nikamwambia. "Umekaa humo miaka yote na haujalipa kodi."

"Kichwa kinakufa, mayu."

Basi hapo ndipo ilipokuwa. Hakutaka kingine. Gitaa lichukuliwe, mshahara usahaulike, lakini wimbo uingie kwenye kanda, wote, bila kukatika, kabla ya lori. Ungemsikia ungedhani ni mtoto mgonjwa anayepaswa kufikishwa hospitali.

Wakakutana wanne uani kwangu, wakala michembe yangu yote, wakabishana. Tatizo lilikuwa kaseti. Ndefu kuliko zote pale stendi, upande wake mmoja ulibeba nusu ya wimbo na kidogo juu. Ukitaka kuigeuza lazima usimame, na mume wangu alishaapa kutosimama.

"Bwana, tuukate," akasema wa besi kwa upole wake. "Vipande vinne. Redioni wanataka wimbo ambao mtu anaumaliza kabla chai haijapoa."

"Ng'ombe hakatwi ili apite mlangoni," akasema mume wangu. "Mlango ndio unapanuliwa."

"Haya, ngosha, mwanaume wewe," akasema mpiga ngoma, "panua kaseti tuone."

Wakatawanyika. Kesho yake wakarudi wakabishana hayo hayo. Siku iliyofuata vilevile, na unga ulikuwa unapungua. Mimi nilikuwa natwanga na jirani yangu, kinu kimoja michi miwili, na nilichosema sikukisema kwa akili, nilikisema kwa kuchoka. Niliwaambia wachukue redio kaseti mbili. Mbona sisi tunatwanga hivi? Mwenzangu hajautoa mchi wake, mimi nimeshaingiza wangu, na kinu hakijui kama tumepokezana. Redio ya kwanza ikikaribia kwisha, ya pili iwe imeshaanza kushika.

Mume wangu alinitazama kama vile jirani ndiye aliyesema. Asubuhi nikamsikia nje akimweleza mpita njia: "Nimewaza kitu. Redio mbili." Sikusema neno. Naliandika hapa.

Redio moja tulikuwa nayo. Ya pili nilikwenda kuiomba mimi Sapiwi kwa kaka yangu, ambaye ni katekista na huitumia kufundishia nyimbo za kanisa. Alinipa kwa sharti isitumike kwa miziki ya baa. Nikaapa, na sikuapa uongo, maana wimbo ule baa yoyote wangeufukuza. Betri tulizianika juani siku mbili ziamke.

Wakachagua kupigia ndani ya ghala la jineri. Yalikuwa yamebaki marobota ambayo hayakupata mnunuzi, wakayapanga ukuta pande tatu, na kweli sauti ikatulia, hakuna mwangwi. Hilo lilikuwa wazo la mpiga ngoma, na yeye ndiye aliyeyabeba. Mlinzi aliliamsha jenereta kwa dizeli ya mwisho ya tangini. Mimi kazi yangu ilikuwa redio: ya kwanza naibonyeza wakianza, ya pili naibonyeza kengele ya ng'ombe ikilia mara ya tatu. Nilielekezwa hivyo kana kwamba nakabidhiwa treni. Na wali je? Nilipika mimi, sufuria kubwa, kwa sababu wanaume wale hawawezi kutunga historia na njaa. Niliufunika vizuri nikauweka kona ya ghala, karibu na redio.

Walianza vizuri. Mimi si mjuzi, ila sikuwahi kuwasikia wakipiga vile. Walikuwa wamefika kwenye jineri, kwenye ule mruko, niliposikia breki nje. Nikageuka. Lori.

Mlangoni akasimama msimamizi, mtu wa shati la mikono mirefu na kalamu mfukoni, na nyuma yake wapakiaji na kamba zao. Akasema kitu, hakikusikika. Akasema tena kwa nguvu. Mume wangu akamwona, na badala ya kusimama akageuza mwili mzima, yeye na gitaa lake, akawaelekea wale watu wa lori. Na wenzake watatu wakageuka pia. Hapo nikaelewa, na nikatamani ardhi ipasuke. Alikuwa amewafanya wapinzani. Mali ya watu, sheria ya watu, na yeye anashindana ngoma na lori.

Msimamizi akanitazama mimi, pengine kwa kuwa ndimi pekee nisiyeshika chombo. Nikaweka kidole mdomoni nikamwonyesha redio. Akatazama saa yake. Nimtendee haki: angeweza kutuma mtu azime jenereta, ilikuwa hatua chache tu kutoka aliposimama. Hakufanya hivyo. Alikunja mikono akabaki pale pale kizingitini.

Kengele ikalia. Ikalia. Ikalia ya tatu, nikabonyeza ya pili. Nasema tena, ya tatu. Baadaye kidogo redio ya kwanza ikajizima yenyewe, tak, na wimbo ukaendelea kama kinu cha michi miwili.

Ilikuwa kwenye mvua ya mawe, kama sikosei, ndipo mpakiaji mmoja akaingia akakaa juu ya robota. Akafuata wa pili, bega lake limeshaanza kucheza kwenye ule mruko wa saba. Wakaingia wote. Msimamizi akabaki peke yake mlangoni, na magitaa yakaanza kugombana, yakagombana mpaka nikasahau wali. Halafu yule mtu wa shati akavuka kizingiti. Akaja mpaka katikati ya ghala, akasimama karibu na sufuria yangu, anatazama vidole.

Mume wangu akainua mkono. Wote wanne wakanyamaza kwa pamoja, nikasikia jenereta tu.

"Tumeshinda," akasema.

Wakaanza kucheka, yeye na wenzake, na wapakiaji nao wakacheka bila kujua kwa nini, na huku wanacheka waya zinachomolewa, gitaa linatiwa kwenye gunia. Nilipandwa na hasira. Nilisema neno, sikumbuki vizuri lipi, nikaenda kupakua. Walikula wote, na msimamizi akala, na mume wangu mwenyewe akasaidia kuinua zile spika kuziweka kwenye lori, akiwaelekeza zisilazwe.

Tumebishana miaka mingi juu ya hili. Yeye anasema yule mtu alivuka kwa sababu ya wimbo. Mimi nasema wali wa mchele mpya unanukia, na sufuria ilikuwa pale aliposimama. Sijui. Naweza kukosea.

Sasa zikaja shida za kanda zenyewe. Fundi redio wa stendi alitutolea nakala, jozi chache tu, kadiri ya kaseti tulizomudu. Mume wangu akavunja vile vijino vya nyuma ili mtu asirekodi juu yake, akachora marobota yake kwenye kila karatasi, akawa anawaeleza wanunuzi jinsi ya kusikiliza: unaweka redio mbili, kengele ikilia ya tatu unabonyeza ya pili. Bariadi hii. Nyumba yenye redio moja ilikuwa inasifiwa mtaani.

Watu wakasikiliza kama watu. Wakamaliza ya kwanza, wakaweka ya pili, wakasikia kengele upya. "Mbona imerudia? Mliishiwa?" Wengine walizirudisha. Kaka yangu katekista, tuliyempa jozi kwa shukrani, alibandika karatasi kwenye tundu za ile ya pili akarekodi nyimbo za Pasaka. Jirani alirekodi harusi ya bintiye. Sikuwalaumu. Kaseti ilikuwa mali adimu, na ile ya pili waliiona mbovu. Hivyo ndivyo ya pili zilivyokwisha zote, na ya kwanza nazo zikafuata polepole, zikaliwa na redio na watoto. Kanda yetu ya pili, ile ya asili kabisa, mume wangu aliiazima kwa kaka yake wa Kimali, yule mwenye kengele, aliyesema ng'ombe wake wanakunywa vizuri wakiisikia. Na haikurudi. Mimi sikuifuata. Kukaa miaka bila kusikia magitaa yakigombana hakukuniuma.

Basi ndipo akaja mgeni huyu. Alikuwa ametoka Mwanza, kazi yake, kama nimeelewa, ni kutafuta kanda za zamani. Alikaa na mume wangu kwenye mashine ya kusaga anayoiendesha sasa, wakaongea mpaka foleni ya wateja ikaanza kunung'unika. Alimweleza kwamba Ulaya kuna roki ya namna hii hasa, watu wake hawaridhiki na wimbo mfupi, wanapenda mapigo yanayoruka na mambo yanayobadilika katikati, na kwamba hakuwahi kusikia kama yupo aliyepiga hivyo huku kwetu.

"Hiyo si roki," akasema mume wangu. "Hiyo ni mashine namba tatu."

Mgeni akaandika hilo. Akasema anataka kuusikia wote kabla hajaondoka, wote kwa mfululizo, redio mbili. Mume wangu akanitazama mimi. Tangu lori lile, na yeye mwenyewe hakuwahi kuusikia wote kwa mfululizo, maana redio ya pili ilirudi Sapiwi.

Na nani akatumwa Kimali? Yeye ana mashine ya kusaga, haiwezi kuachwa. Mimi nina nini? Mimi nina michembe tu. Nikapanda lori la mnada na magunia ya dagaa.

Shemeji yangu wa Kimali ni mtu mwema, ila kwake kuna utani mwingi. Nilimkuta kisimani na wanawe wakinywesha ng'ombe, vijana wakubwa wanasukumana na kucheka. Akawakaripia kwa sauti nyembamba ya kike: "Wanaume wazima, mnacheka nini?" Vijana wakanigeukia mimi, wakaangua kicheko zaidi, mmoja akashika mbavu. Jioni mkewe akasema hivyo hivyo kwa mbuzi, akaniangalia akafunika mdomo. Nikajua nasemwa, sikujua kwa lipi. Nilijitazama kanga, haikuwa na tundu. Nilikaa na kinyongo usiku ule, ingawa walinichinjia kuku.

Kanda walikuwa wameitunza. Ilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki, ndani ya kopo, haikurekodiwa chochote juu yake. Hilo lazima niliseme.

Tukausikiliza Jumapili baada ya misa, uani, redio yetu na ya mgeni. Wa besi alikuja, amezeeka, na safari hii hakuulizia saa. Mume wangu alikaa kwenye kigoda akafumba macho. Mgeni akabonyeza ya kwanza. Ng'ombe wakakamuliwa, jineri ikachechemea, na nikaona kidole cha mume wangu kikiruka kwenye goti lake kila mara ya saba. Kengele ikalia. Ikalia. Ikalia ya tatu, nikabonyeza.

Redio yetu betri zake zilikuwa zimechoka kidogo. Kwa muda nyimbo mbili zikatembea pamoja bila kupatana, kama walevi wawili wanaosaidiana njia, mpaka ile ya kwanza ikajizima.

"Umechelewa," akasema mume wangu bila kufumbua macho.

Sikujibu, kwa kuwa palikuwa na mgeni. Mvua ya mawe ikapita, magitaa yakagombana, na mwisho ukaja ule ukimya na jenereta. Nikanyoosha mkono nizime. Mume wangu akanishika kifundo cha mkono, taratibu.

"Tumeshinda," ikasema kanda. Vikafuata vicheko vya wanaume wengi. Halafu sauti ya mwanamke, kijana, kali kama pilipili:

"Wanaume wazima, vyombo vinachukuliwa, na nyinyi mnacheka. Mnacheka nini?"

Kisha ukasikika mfuniko wa sufuria ukifunuliwa, na sauti ile ile, imeshuka kidogo: "Na nyinyi wa lori, njooni mle. Utapoa."

Kanda ikaisha yenyewe, tak. Hakuna aliyenikumbusha siku ile nizime redio, na mimi nilikuwa na watu wa kulisha. Nakala za fundi zote zilikatwa pale muziki unaposimama, kwa hiyo sikuwahi kuijua sauti ile, na nilikuwa mtu wa kutoka nje mambo yakifika kwenye magitaa. Lakini mume wangu aliijua. Na Kimali yote waliijua, hadi mbuzi.

Jambo jingine pia lazima niliandike. Mfuniko ulifunuliwa baada ya msimamizi kuvuka. Wali ulikuwa bado umefunikwa, na niliufunika vizuri. Kwa hiyo pengine alivuka kwa ajili ya wimbo. Pengine.

Mgeni akauliza kwa heshima kama hiyo nayo ni sehemu ya wimbo.

"Ndipo unapoishia," akasema mume wangu. "Ulikuwa hauna mwisho. Huyu ndiye aliyeutia."

Nikamwambia mgeni aikate sauti hiyo, ni aibu, ni mama wa watu nimefokea wageni. Akatikisa kichwa akasema ng'ombe hakatwi. Nikajua amekaa na mume wangu siku nyingi mno.

Wa besi alikuwa anafuta macho, anasema ni vumbi. Mume wangu alikuwa ameshachukua kalamu, ameitia kwenye tundu la kanda, anairudisha nyuma kwa mkono ili kuokoa betri.

"Tuanze tena," akasema. "Kengele ya tatu, mayu. Ya tatu."